Simu Haichoki Kubeba

Kama simu yako iko karibu, na haijafika zile asilimia mbili za mwisho za chaji, naomba ufungue pale unapoandikia mambo yako ya kufanya. Huenda ni programu maalumu ya orodha ya kazi. Huenda ni daftari la simu, au ni zile meseji unazojitumia mwenyewe kwenye WhatsApp. Usisome ya juu, hayo unayajua. Teremka mpaka chini kabisa. Huko chini wengi wetu tuna jambo lililoandikwa wakati mtoto anaanza darasa la kwanza, na leo mtoto yuko la tatu. Halijafanywa, halijafutwa, na mwenye simu hulipita kila siku wala jicho halisimami.

Mazungumzo ya leo ni juu ya hayo ya chini.

Mtu ambaye orodha yake imefurika husema kazi zimekuwa nyingi. Nakubali ni nyingi, lakini zilikuwa nyingi hata enzi za daftari la mkono, na daftari halikufurika namna hii. Kilichobadilika ni gharama ya kuitoa kazi ya jana na kuifikisha leo. Zamani gharama hiyo ilikuwapo. Siku hizi imeondolewa, na hakuna aliyetuuliza kama tunataka iondolewe.

Mchukue mwalimu wa sekondari anayetumia daftari. Jumatatu anaandika: kusahihisha mtihani wa kidato cha pili, kumalizia azimio la kazi, kununua LUKU, kupeleka pasi kwa fundi, kuonana na mzazi wa yule kijana mtoro. Jioni mambo matatu yana tiki, mawili hayana. Jumanne ni ukurasa mpya, kwa hiyo yale mawili hana budi kuyaandika upya. Jumatano vivyo hivyo. Ikifika mara ya nne anaandika "kupeleka pasi kwa fundi", mkono wenyewe unaanza kumsuta. Ama ataibeba pasi asubuhi hiyohiyo, ama atakiri kwamba siku zote hizi anaazima ya jirani na nguo zinanyooka, asiiandike tena. Uamuzi umefanyika, na hakuna aliyemfundisha mbinu yoyote. Uchovu wa kuandika ndio uliomchujia mambo yake.

Simu haina uchovu huo. Kazi ya jana inaamka nawe leo, kesho itaamka nawe tena, na mpya zinaingia juu yake. Simu ni sawa na konda wa daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni: kila kituo anakuhakikishia kwamba bado kuna nafasi, sogeeni nyuma. Kwa hiyo mwenye orodha ya kidijitali ana kazi moja ambayo mwenye daftari hakuwa nayo. Lazima airudishe ile gharama kwa makusudi, la sivyo hakuna rangi wala lebo wala programu ya kulipia itakayomsaidia.

Kuna kisa kinachopendwa sana na watu wanaofundisha matumizi ya muda. Kinasema kwamba mwaka 1918 Charles Schwab, mkuu wa kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel huko Marekani, alimwita mshauri aitwaye Ivy Lee aje kuwanoa mameneja wake. Lee akawaambia: kila jioni andikeni mambo sita ya kesho, yapangeni kwa uzito, asubuhi muanze na la kwanza, na lisiloisha liingie katika sita ya siku inayofuata. Inasimuliwa kwamba baada ya miezi mitatu Schwab alimpelekea hundi ya dola 25,000. Kisa hicho kimepita midomo mingi na yawezekana kimeongezewa chumvi njiani. Ninachokiona ni kwamba kila anayekisimulia huikazia ile sita, kana kwamba ni namba yenye miujiza. Ingekuwa tano au saba kungeharibika nini? Nguvu ilikuwa kwenye kalamu. Jambo la saba halikuwa na pa kukaa, na la jana likitaka kuingia leo lilipaswa kumtoa mwenzake.

Programu za simu zilipokuja zilijisifia kinyume cha hayo: andika chochote, popote, wakati wowote, hakuna kitakachopotea. Moja iliyopendwa mno ni Wunderlist, iliyotoka Berlin mwaka 2010. Microsoft wakainunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa kabisa. Hapo ungedhani watumiaji wake wamepata bahati adimu ya kuanza upya. Lakini Microsoft walikuwa wameandaa njia ya kuhamisha orodha zote kwa pamoja kwenda kwenye programu yao, Microsoft To Do. Unagusa kidole, unasubiri kidogo, na makorokoro ya miaka kumi yako nyumba mpya. Siwalaumu, mtu mwenye orodha za ofisi humo angeangua kilio kama zingepotea. Ila tazama jinsi ilivyo vigumu kwa kitu cha kidijitali kufa, hata pale programu yenyewe inapokufa.

Na hiyohiyo Microsoft To Do, iliyotengenezwa na timu ya Wunderlist, ina sehemu ya siku ya leo ambayo kila usiku hujifuta yenyewe. Kazi ulizopanga kwa leo na hukuzifanya haziendi kesho. Zinarudi kwenye orodha zilikotoka, na asubuhi programu inakuletea kama mapendekezo: je, hii unaitaka leo? Usipoigusa, haiingii. Kuna watu hukasirishwa sana na jambo hili. Wanaamka, wanakuta ukurasa mweupe, wanalalamika kwamba simu imewapotezea kazi zao. Mimi naona hapo ndipo watengenezaji walipotumia akili kuliko mahali pengine pote. Ule ukurasa mpya wa daftari wameurudisha kwa mlango wa nyuma.

Huhitaji programu hiyo kupata jambo hilo. Hata daftari la kawaida la simu linatosha. Weka orodha mbili. Moja ni orodha kuu, humo tupa kila kitu kinachokujia. Ya pili ni ya leo, na kila asubuhi ianze ikiwa tupu. Unaingia kwenye orodha kuu, unachukua machache, unayaandika upya kwenye ya leo. Nasema kuandika, si kunakili na kubandika, kwa maana kunakili ndiko kulikotufikisha hapa. Usiku ukiingia, yaliyobaki kwenye orodha ya leo yafute. Ndiyo, yafute hata kama hayajafanyika. Kwenye orodha kuu bado yapo. Jambo ambalo asubuhi tano mfululizo umekataa kuliandika tena limekwisha kujieleza lenyewe.

Sasa, kwa nini tunaandika mengi hivyo kwanza? Kwa sababu kuandika kunapoza kichwa. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa Kurt Lewin mjini Berlin, alichapisha majaribio ambayo hadi leo yanatajwa. Aliwapa watu kazi ndogondogo, mafumbo, hesabu, kutunga shanga, akawaacha wamalize baadhi na nyingine akawakatiza katikati. Alipowauliza baadaye walifanya kazi zipi, zile walizokatizwa walizikumbuka zaidi. Waliorudia majaribio hayo miaka iliyofuata hawakupata wote jibu lilelile, lakini yeyote aliyewahi kuzinduka saa tisa usiku akikumbuka kwamba hajapeleka fomu ya mtoto shuleni anajua alichokuwa akikitafuta Zeigarnik.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walikwenda mbele kidogo. Walionyesha kwamba jambo lisilokamilika humwingilia mtu hata anapojaribu kusoma kitu kingine kabisa. Ila waliopewa nafasi ya kupanga kwa uwazi, nitalifanya lini, wapi na kwa namna gani, walitulia, ingawa jambo lenyewe lilikuwa halijaguswa bado. Sikiliza vizuri hapo. Kilichowatuliza ni mpango. Kuliandika jambo tu hakutoshi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na orodha ya mambo sabini, yote yameandikwa, na bado usiku macho makavu.

Nichukue mfano ambao najua uko kwenye simu nyingi za wanaonisikiliza: "Hati ya kiwanja." Maneno matatu, na kisanduku kidogo pembeni kinachosubiri tiki. Lakini nani anaweza kukaa Jumamosi asubuhi akaifanya "hati ya kiwanja"? Haifanyiki. Ndani ya maneno hayo matatu kuna karatasi ya mauziano ambayo hukumbuki uliiweka kabati gani. Kuna ofisi ya serikali ya mtaa na barua yake. Kuna majirani wa kukubaliana nao mipaka, na mmoja wao aliuza akahamia Dodoma. Kuna mpimaji, kuna malipo, kuna ofisi ya ardhi na foleni yake, kuna kodi ya pango la ardhi itakayoanza kudaiwa. Huo ni msafara wa mwaka mzima, na wewe umeuandika kwenye mstari uleule mmoja uliouandikia "kununua balbu". Ukiutazama unachoka kabla hujanyanyuka. Jicho linaukwepa, na likizoea kuukwepa mmoja linaanza kuikwepa na iliyo jirani.

David Allen, Mmarekani aliyetoa kitabu chake maarufu juu ya kupanga kazi mwaka 2001, ana swali moja ninalolipenda kuliko kitabu kizima: hatua inayofuata ni ipi? Si hatua zote, inayofuata tu. Kwa kiwanja chetu pengine ni hii: "Jumamosi, kutafuta karatasi ya mauziano kwenye begi la blauni." Hiyo ndiyo ikae kwenye orodha. Ikishapatikana, andika nyingine: "Kumpigia mwenyekiti wa mtaa, kuuliza ofisi inafunguliwa siku gani." Msafara mzima uandike pengine, kwenye ukurasa wake, uusome ukiwa na utulivu. Orodha ya kila siku ibaki na mambo ambayo mkono unaweza kuyaanza na kuyamaliza bila kuinuka kwenda kuuliza.

Kwa sababu hiyohiyo, tuache kuandika neno mojamoja. "Bima." "NIDA." "Mama." Siku unaandika unajua kabisa maana yake. Wiki tatu baadaye unabaki kukodoa: mama amefanyaje? Kumpigia? Kumtumia hela? Miwani yake? Andika sentensi yenye kitendo ndani yake: "Kuulizia bei ya miwani ya mama pale hospitali ya mkoa." Ni herufi nyingi zaidi, na dole gumba litanung'unika, nami nafurahi likinung'unika. Jambo lisilostahili sentensi moja huenda halistahili kuwamo.

Halafu kuna kuku. Sijaona orodha ya mtumishi wa nchi hii, mwenye mshahara na eneo nyuma ya nyumba, isiyo na mstari wa kuanza kufuga kuku. Sicheki, wapo waliofuga wakasomesha. Lakini mstari huo wa kuku umekaa kati ya "kulipia bima ya gari, inaisha Alhamisi" na "dawa za presha za baba", kwa herufi zilezile na ukubwa uleule. Hapo ndipo madhara yalipo. Ndoto haichukui muda wako, kwa kuwa huifanyi. Inachofanya ni kuzipunguzia uzito dawa za baba, jicho likazoea kuona kwamba mambo ya humo yanaweza kungoja tu. Kwa hiyo kuku, gitaa, lugha ya Kichina na ule mpango wa kupanda Mlima Kilimanjaro vipewe ukurasa wao mbali, usiofunguliwa kila siku. Vitembelee ukiwa likizo.

Na tarehe je? Programu karibu zote hukuruhusu kuweka tarehe kwenye kila kazi, nasi tunaweka kwa ukarimu: hii kesho, hii keshokutwa, hii Jumatatu. Kumbe kati ya hizo tarehe ya kweli ni moja, ile ya bima, maana trafiki hana utani. Nyingine tulijitungia ili tujisikie tumejipanga. Siku inapita, hakuna lililotokea, programu inaigeuza tarehe kuwa nyekundu. Kufikia mwisho wa mwezi skrini nzima ni nyekundu, na bima nayo ni nyekundu, na wewe huoni tofauti. Weka tarehe pale tu ambapo kuna mtu, ofisi au faini inayosubiri upande wa pili. Kwingine acha wazi.

Hapa niingize jambo dogo linalotuhusu sisi hasa. Saa ya simu haijui saa yetu. Ukiwa na haraka ukaandika kikumbusho cha saa mbili asubuhi, kidole kikaenda kwenye 2:00, simu italia saa nane usiku na nyumba nzima itaamka. Hilo la usiku ni afadhali, maana utagundua. Baya ni lile la saa kumi jioni lililowekwa 10:00, likalia asubuhi ukiwa kikaoni, ukalizima, jioni ikapita. Wanaoweka vikumbusho vingi wazoee kuandika saa ndani ya kazi yenyewe kwa maneno, "saa kumi jioni, kumchukua Asha tuisheni", ili kengele ikilia wakati usiofaa, maneno yaisahihishe.

Juu ya lebo, rangi, nyota na mafaili ndani ya mafaili, sina mengi. Mtu akishakuwa na rangi sita amepata mchezo wa kucheza badala ya kufanya kazi. Kuhama programu kila mwezi nako ni mchezo huohuo, tena unakula bando.

Nirudi kwenye WhatsApp, kwa kuwa ndiko kazi zetu nyingi zinakoingilia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu hiyo ina sehemu rasmi ya kujitumia ujumbe mwenyewe. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiunda kundi, wanamwingiza ndugu, kisha wanamtoa ili wabaki peke yao humo na orodha yao. Ni ubunifu mzuri, lakini mazungumzo hayana tiki. Jambo lililofanyika na lisilofanyika yanapanda juu pamoja na kupotea pamoja, katikati ya risiti za LUKU na picha za vitenge. Tumia hapo kama mahali pa kudakia tu, ukiwa barabarani. Jioni hamisha kwenye orodha kuu, kisha futa.

Na ukianza kuhamisha utagundua kitu: nusu ya orodha si yako. Kamati ya harusi imekupa ukatibu. Kundi la ukoo limesema wewe uliye mjini ufuatilie cheti cha kifo cha babu. Rafiki ameomba umsomee barua yake ya maombi ya kazi, ukajibu "poa, nitaipitia", ikaingia. Mama mkubwa amekuagiza umtafutie fundi wa mashine ya kusaga. Hakuna hata moja uliyoikubali kwa kufikiri. Uliikubali kwa adabu. Kwetu kusema siwezi mbele ya mtu mzima ni ukosefu wa heshima, lakini kusema "sawa mama" halafu kuliacha jambo lioze chini ya orodha, hilo tumelihalalisha. Mwenzako anangoja. Anajua kazi iko mikononi mwako, kwa hiyo hatafuti mtu mwingine.

Washauri wa kizungu watakwambia mara moja kwa wiki pitia orodha yako yote na ufute yasiyo na maana. Ushauri mzuri, nami naufuata Ijumaa jioni. Lakini ushauri huo umesahau aina hii ya kazi. Kuku na gitaa unaweza kuvifuta kimya kimya, havimdai mtu. Ile yenye jina la mtu ndani yake haifutiki kwa kidole. Ukiifuta hivyo, imebaki kwa mwenye shida, isipokuwa wewe sasa huioni. Kwa hiyo unapopitia orodha, kila penye jina la mtu na wewe moyoni unajua hutalifanya, piga simu. Usitume meseji kwa mtu mzima, piga.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, lile la fundi wa mashine, nimehangaika nalo na kusema kweli mwezi huu sitalifikia. Nimeona nikwambie mapema ili usinisubiri mimi. Labda Hamisi wa gereji anaweza kukusaidia."

Atanyamaza kidogo. Ataguna. Atasema alijua tu, watoto wa mjini mna mambo mengi. Kisha atauliza habari za wajukuu, atakueleza mvua ilivyonyesha, na kabla hajakata atakuomba namba ya Hamisi. Mtumie hiyo namba kwanza. Halafu ndipo ufute.